Skii kwa bajeti ya kawaida: lala mji wa chini, panda mlimani asubuhi

Mzee wa Ratiba

Wakuu, habari za muda.

Msimu wa theluji ukikaribia, mjadala huwa ni ule ule: skii, yaani kuteleza juu ya theluji, ni mchezo wa matajiri. Sikatai, pasi ya lifti (tiketi ya vyombo vya kukupandisha mlimani) ni ghali na vifaa ni ghali. Ila ukiichambua bili ya mtu aliyekwenda wiki moja, utakuta kipande kinene ni kitanda. Analipia chumba ambacho akifungua mlango anakanyaga theluji. Chumba cha ukubwa huo huo, kitanda hicho hicho, ukikitafuta mji ulioko bondeni bei inakuwa nyingine kabisa.

Shida inaanza hapo hapo. Mtu akisikia "lala mji wa jirani" anafungua ramani, anatafuta mji wenye kilomita chache kutoka mlimani, analipia, anajisifu. Kilomita hazikuambii kitu. Kuna mji wa kilomita tano utakaokutoa jasho na hela, na kuna mji wa kilomita ishirini unaofika juu ukiwa bado una usingizi. Mimi kabla ya kuangalia bei ya chumba huwa nauliza mambo mawili: asubuhi napanda na nini, na chombo cha mwisho cha kushuka kinaondoka saa ngapi. Mji usiojibu vizuri haya mawili naufunga, hata kama chumba ni cha bure.

Chukueni Brides-les-Bains kule Ufaransa. Ni mji mdogo wa maji moto ya tiba, uko chini kabisa bondeni, kama mita 600 kutoka usawa wa bahari. Juu yake kuna Méribel, kituo cha bei mbaya kilichoko katikati ya Trois Vallées, eneo lenye takriban kilomita 600 za njia za kuteleza zilizounganishwa. Ilipokuja Olimpiki ya Albertville mwaka 1992, ilijengwa gondola (vibanda vinavyoning'inia kwenye waya) kutoka Brides hadi Méribel. Olimpiki ikapita, gondola ikabaki. Leo mgeni wa Brides anaingia kwenye kibanda, anakaa kama dakika 25 akiangalia miti inapita chini yake, anashuka penye lifti zile zile anazopanda yule aliyelipia hoteli ya juu. Njia zile zile, pasi ile ile. Tofauti ni mahali pa kulaza ubavu.

Mwingine ni Bourg-Saint-Maurice, mkoa huo huo wa Savoie. Treni inakushusha stesheni, na karibu na stesheni kuna treni ya kamba inayokupandisha hadi kituo cha skii cha Arc 1600 kwa dakika saba. Kuna watu wamelala ndani ya kituo cha skii chenyewe na wanatembea na buti zaidi ya dakika saba kufika kwenye lifti yao.

Ninaoupenda kuliko yote ni Brunico, kaskazini mwa Italia, kwenye bonde la Pusteria. Mlima wake ni Kronplatz, kilele mita 2,275. Kituo kidogo cha treni cha Perca kiko dakika chache kutoka Brunico, na gondola inaanzia pale pale kwenye kituo. Yaani unashuka kwenye behewa na unaingia kwenye kibanda. Hakuna teksi, hakuna maegesho, hakuna kubeba skii begani barabarani. Tena kule Südtirol, mkoa ulipo Brunico, nyumba nyingi za wageni hukupa kadi ya mgeni inayolipia treni na mabasi ya mkoa kwa siku zote utakazolala. Hapo kiungo kati ya kitanda na mlima kimekuwa cha bure, na ndiyo maana hesabu inakubali.

Sasa geuza upande wa pili. Zermatt, Uswisi. Magari ya kawaida hayaruhusiwi kuingia, yanaishia Täsch, kilomita tano chini. Vyumba vya Täsch vina nafuu kweli. Lakini kila asubuhi na kila jioni ni treni, dakika 12, na nauli ni kwa kila kichwa. Mtu mmoja au wawili, sawa. Familia ya watu watano kwa siku sita, kaa chini na kalamu kwanza. Uliza pia kama kuna pasi ya lifti iliyounganishwa na hiyo treni kabla ya kulipia kimoja kimoja.

Jambo ambalo watu hawalizungumzii: mji wa kawaida hukuuzia chumba kwa usiku. Vituo vingi vya juu, hasa Ufaransa, hupangisha wiki nzima, Jumamosi kwa Jumamosi. Ndiyo maana Jumamosi za Februari barabara za Alps hujaa magari yamesimama, wanaoondoka na wanaoingia wote siku moja. Wewe wa mji wa chini unaingia Jumapili jioni, unateleza Jumatatu hadi Alhamisi, unaondoka. Umekwepa foleni, na umekwepa kulipia siku mbili ambazo hukuzihitaji.

Tarehe nazo zina nguvu kuliko ujanja wowote. Krismasi na mwaka mpya, na likizo za shule za Februari, mji wa chini nao hupandisha bei na mabasi hujaa. Wiki za Januari baada ya sikukuu ndizo dhahabu: theluji ipo, watu wamerudi kazini. Machi mwishoni pia si mbaya kama mlima una urefu, jua ni zuri na mchana ni mrefu.

Nawasilisha. Wenye uzoefu ongezeni nyama.

Chungu Kidogo

Mkuu, uzi umeshiba. Naomba niongeze hesabu kwa sababu wengi tunaishia kusema "ni nafuu" bila kupiga jumla.

Tuseme chumba cha juu ni 100 kwa usiku na cha chini ni 60. Usiangalie sarafu, angalia uwiano. Umeokoa 40. Mko wanne. Basi la kwenda na kurudi ni 6 kwa kila mtu, hiyo 24. Sanduku la kuhifadhi vifaa chini ya lifti, tuseme 8 kwa siku. Umebaki na 8. Mtoto akisema ana baridi mkanywa kitu cha moto huko juu, 8 imekwisha na bado hujala mchana.

Mahesabu hayo hayo, mabasi yakiwa ya bure na mkifunga chakula chenu kwenye begi, 32 zinabaki mfukoni kila usiku. Kwa hiyo mtu asilinganishe chumba na chumba. Linganisha siku nzima na siku nzima, kuanzia unapofunga mlango hadi unapoufungua tena jioni.

Nyongeza: mji wa kweli una soko na maduka makubwa ambako wenyeji wananunua. Kituo cha juu mara nyingi kina duka moja na linajua kwamba huna pa kwenda. Chukua chumba chenye jiko hata la kuni mbili... natania, jiko la plate mbili linatosha.

Mama Pacha

Mzee wa Ratiba heshima yako, ila huu uzi umeandikwa na mtu asiyesafiri na watoto wadogo.

Mtoto wa miaka minne anateleza asubuhi masaa mawili tu, baada ya hapo ni kilio. Anataka kulala, anataka kukojoa, glavu imelowa, kingine kimepotea. Ukiwa umelala juu, unambeba unarudi chumbani, anasinzia, wewe na mwenzio mnapokezana. Ukiwa umelala bondeni, huyo mtoto unakaa naye mgahawani masaa manne mkisubiri basi la jioni, na kila dakika kumi anaagiza kitu. Ile hela uliyookoa kwenye chumba unaiacha pale pale kwenye meza.

Basi la skii nalo hamlisemi. Watu wazima hamsini wamevaa buti ngumu za plastiki, kila mmoja kashika skii zimesimama kama bendera, dirisha lina ukungu, na wewe una watoto wawili wanaoteleza kwenye sakafu yenye maji. Kushuka ngazi za basi na buti hizo ni mtihani kwa mtu mzima, sembuse mtoto.

Mzee wa Ratiba

Dada Mama Pacha, hoja yako naipokea yote. Kwa watoto wa chini ya miaka sita hivi, basi la asubuhi na jioni tu ni adhabu, na mimi nisingemshauri mtu.

Ila tofautisha basi na lifti. Mji uliounganishwa na gondola, kama Brides au Perca, kibanda kinazunguka mchana kutwa. Mtoto akichoka saa sita mchana mzazi mmoja anashuka naye, mwingine anabaki. Hakuna kusubiri ratiba ya jioni. Mwenye watoto wadogo aniulize "kuna chombo mchana?" kabla ya "chumba bei gani?".

Njia nyingine wengi hawaifikirii: siku za mwanzo mtoto hahitaji mlima mkubwa. Mabonde mengi ya milimani yana kamteremko kadogo pembeni ya mji, kenye mkanda wa kupandishia wanaojifunza na lifti moja au mbili. Pasi yake ni ndogo, foleni hakuna, na chumba chako kiko mtaa wa pili. Mtoto hajui kama yuko Trois Vallées au nyuma ya kanisa la kijiji. Kwake theluji ni theluji.

Mgeni wa Theluji

Habari wakuu. Mimi sijawahi kuvaa skii kabisa. Maswali yangu ni ya kizamani msinicheke: (1) mji ukiwa chini na mvua inanyesha, juu kuna theluji kweli au ndiyo tumepigwa? (2) Pasi ninunue ya aina gani? (3) Vifaa nikodi mjini au juu?

Shuka Taratibu

Mgeni karibu, hakuna wa kukucheka, na mwenye kucheka aanguke kwanza.

La mvua: hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Mji ukiwa mita 600 na nyuzi 5, penye mita 1,600 unakaribia nyuzi sifuri au chini yake kidogo, na mita 2,200 ni baridi tosha kwa theluji. Kwa hiyo mvua mjini si habari mbaya, mara nyingi ndiyo dalili kwamba juu inashuka theluji. Kuna siku inageuka, hewa baridi inakaa bondeni na juu kunakuwa na joto na jua, mji umejaa ukungu na watu wa juu wamevaa miwani. Usitazame dirisha la chumba chako. Tazama kamera za mlimani, karibu kila kituo kinazirusha mtandaoni, pamoja na orodha ya lifti zilizofunguliwa.

Pasi: kama hujawahi, usinunue pasi ya eneo lote. Siku mbili tatu za mwanzo utashinda kwenye mteremko wa wanaojifunza. Vituo vingi vina pasi ndogo ya lifti za chini, na vingine lifti hizo ni bure. Halafu somo la kikundi huanza asubuhi, saa tatu au saa tatu na nusu, na mwalimu hamsubiri mtu aliyekwama kwenye basi. Wa mji wa chini chagua darasa la mchana kama lipo, ni rahisi kuwahi na wakati mwingine bei ni nafuu.

Ukishajua, pasi ya siku nyingi mfululizo kwa kila siku ni nafuu kuliko ya siku moja moja. Na siku hizi bei nyingi zinabadilika kama tiketi za ndege. Ukinunua mapema mtandaoni unalipa kidogo, ukija dirishani asubuhi ya sikukuu unalia.

Fundi Buti

La tatu niachieni mimi.

Kodi vifaa chini ya lifti ya kwanza, si karibu na chumba, HATA kama duka la mjini ni nafuu kidogo. Sababu ni moja: maduka mengi ya pale kwenye lifti yanakuruhusu kuviacha usiku. Asubuhi unapanda basi na viatu vyako vya kawaida, mikono mitupu, kama mtu anayekwenda kazini. Jioni unavua buti, unaziacha kwenye kifaa cha kukaushia, unashuka mjini ukiwa binadamu. Yale mateso ya Mama Pacha ya ngazi za basi nusu yake yanaisha hapo.

Isipokuwa mji una gondola pale pale mtaani. Hapo kodi mjini.

Buti ndiyo kila kitu. Kidole gumba kiguse mbele ukiwa umesimama wima, ukikunja goti kirudi nyuma kidogo. Kisigino kisinyanyuke. Soksi moja, ndefu, nyembamba. Wanaovaa mbili wakidhani ni joto ndio wanaoganda, maana damu haipiti. Na ikikuuma dakika ya kumi, rudi dukani ubadilishiwe siku hiyo hiyo, usisubiri "itazoea". Haizoei. Kama unalala nazo chumbani, usiziache kwenye gari au roshani usiku, plastiki inakakamaa na asubuhi hutaingiza mguu. Toa kitambaa cha ndani, kiweke karibu na kipasha joto lakini si juu yake.

Tairi Bovu

Naona wote mko upande wa treni. Wenye gari je?

Gari linafungua miji mingi, hasa mkiwa wanne. Lakini sheria zisomeni. Ufaransa tangu Novemba 2021, kwenye maeneo ya milima yaliyowekewa alama, kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi lazima uwe na matairi ya theluji au minyororo ndani ya gari. Austria kati ya 1 Novemba na 15 Aprili barabara ikiwa na hali ya majira ya baridi lazima matairi yawe ya theluji. Gari la kukodi usidhani linayo. Uliza, na uone kwa macho alama ya mlima wenye kitone cha theluji ubavuni mwa tairi. Uswisi ukiingia barabara kuu unanunua stika ya mwaka mzima, faranga 40, hata kama unapita siku moja. Austria nao wana stika yao ila wana ya siku chache.

Halafu maegesho. Mlima wenye maegesho ya bure hujaa mapema, wenye nafasi ni wenye kulipia. Wa mji wa chini akitoka saa tatu ameshachelewa. Toka saa mbili kasoro au tokeni saa tano wale wa asubuhi wakianza kuondoka, mnunue pasi ya nusu siku.

Kinyonga Mweupe

Tairi Bovu umenikumbusha Salt Lake City. Huko Marekani huo mji ndio mfano wa vitabuni: uwanja wa ndege mkubwa, hoteli za kila bei, na milima ya Alta, Snowbird, Brighton na Solitude iko chini ya saa moja. Olimpiki ya 2002 ilifanyika hapo. Kuna mabasi ya skii yanayopanda kwenye makorongo.

Shida ni kwamba Alta na Snowbird ziko kwenye korongo moja, Little Cottonwood, na barabara ni moja. Theluji ikimwagika sana barabara inafungwa ili wataalamu waangushe maporomoko kwa makusudi kabla hayajaanguka yenyewe. Yaani siku yenye theluji bora kuliko zote ndiyo siku wewe wa mjini umekaa kwenye foleni unaangalia taa za breki. Waliolala juu wana mlima peke yao. Dawa ni kuwa na mlima wa pili kwenye akili. Korongo la jirani likiwa wazi, geuza.

Wanaotumia ubao mmoja (snowboard) mjue Alta hawaruhusiwi kabisa, skii tu.

Colorado nako kuna Frisco, Dillon na Silverthorne. Basi la Summit Stage ni la bure na linafika Breckenridge, Keystone na Copper Mountain. Dirishani Vail, kituo kingine cha huko, pasi ya siku moja kipindi cha watu wengi imeshapita dola 300, ndiyo maana wenyeji wananunua Epic au Ikon (pasi za msimu mzima) kabla ya msimu. Desemba kwa kawaida mauzo yake yanafungwa, kwa hiyo safari ya Februari inaamuliwa Novemba.

Chungu Kidogo

Kinyonga, Frisco yenyewe iko zaidi ya mita 2,700. Kulala hapo usiku wa kwanza ukitoka usawa wa bahari kichwa kitagonga. Kwa watu wanaosumbuliwa na miinuko, kulala chini ni afya pia, si hela tu. Denver usiku mmoja, mita 1,600, ndipo upande.

Mzee wa Ratiba

Hilo la mlima wa pili alilosema Kinyonga ndilo lililonifanya nipende miji mikubwa kidogo kuliko vijiji.

Innsbruck kwa mfano. Mji wa Olimpiki mbili, 1964 na 1976, uko kwenye mita 574 na umezungukwa. Kutoka katikati ya mji unapanda treni ya mlima ya Hungerburg, unaunganisha lifti, unafika Nordkette juu ya mita 2,200 ukitazama paa za nyumba ulizotoka. (Nordkette ni mkali, mgeni asiguse.) Patscherkofel ni laini zaidi. Stubai ni barafu ya kudumu, inapita mita 3,000, theluji ni ya uhakika hata vilima vya chini vikiwa vya kijani. Pasi moja inayoitwa Ski plus City inakusanya maeneo zaidi ya kumi. Upepo ukifunga lifti za juu Stubai, siku hiyo unakwenda mlima wenye miti, ambako unaona vizuri hata kukiwa na ukungu. Aliyelipia wiki nzima kwenye kituo kimoja cha juu siku kama hiyo anacheza karata.

Kwa hiyo siku mbaya ya hewa mjini haipotei. Kuna makumbusho, kuna mabwawa ya kuogelea, kuna mitaa. Ndiyo sababu nyingine sinunui pasi ya siku sita mfululizo nikilala mjini. Natafuta zile za "siku nne kati ya sita", vituo kadhaa vinazo.

Mama Pacha

Sawa, nimelainika kidogo. Ila onyeni watu kuhusu matangazo ya vyumba. "Dakika kumi kutoka kwenye lifti." Lifti ipi? Kwa gari au kwa miguu? Kuna mwenye nyumba aliwahi kututangazia hivyo, kumbe lifti yenyewe ni ya kiangazi, majira ya baridi imefungwa. Sasa hivi naomba jina la lifti, naitafuta mwenyewe kwenye ramani ya kituo, naangalia tarehe ya kufunguliwa, ndipo nalipa.

Fundi Buti

Mama Pacha hapo umenena. Na uliza sehemu ya kuwekea skii. Nyumba za mjini ambazo si za wateja wa skii hazina, utalala nazo kitandani.

Bima nayo. Bima nyingi za safari za kawaida hazigusi michezo ya theluji mpaka uongeze kipengele. Kushushwa na helikopta ni bili ya kutisha. Na Italia tangu 1 Januari 2022 sheria inamtaka kila mtelezaji awe na bima ya kumlipa mtu atakayemgonga. Hata Perca kwa Mzee wa Ratiba inahusu. Usipokuwa nayo, unaweza kuinunua pamoja na pasi.

Mgeni wa Theluji

Asanteni sana wakuu, nimeandika kila kitu. Nimeegemea Brunico, wiki ya tatu ya Januari, nafika Jumapili, natoka Ijumaa. Somo la mchana, vifaa nakodi pale gondola inapoanzia. Kuna kitu nimesahau?

Mzee wa Ratiba

Mpango umekaa vizuri mkuu. Vitatu tu.

Jumapili ratiba za treni na mabasi huwa tofauti na siku za kazi, kwa hiyo angalia ile ya siku unayofika. Pili, kabla ya kulipia chumba muulize mwenye nyumba kama anatoa kadi ya mgeni, maana si wote wanatoa. Akisema ndiyo, uliza inaanza siku ya kuingia au kesho yake, ujue kama tiketi ya kutoka stesheni ni juu yako.

Tatu, gondola ya kushuka. Lifti za Alps nyingi hufunga kati ya saa kumi na saa kumi na nusu jioni, Januari zinawahi. Siku ya kwanza ukifika juu piga picha ule ubao wa saa za mwisho. Uwe unaanza kuelekea upande wa Perca saa moja kabla, kwa sababu Kronplatz ina umbo la kuba, njia zinashuka pande zote, na mtu anayejifunza akikosea upande anaibukia bonde jingine.

Mgeni wa Theluji

Nikiibukia bonde jingine inakuwaje?

Shuka Taratibu

Lifti zikiwa bado zinatembea, panda tena ushukie upande wako. Zikifungwa, Olang na San Vigilio, vijiji vya pande nyingine za mlima, vina mabasi, kadi yako ya mgeni inakubalika. Weka ratiba kwenye simu mapema, na simu iweke mfuko wa ndani, baridi inamaliza chaji upesi.